Nilipomtafuta Mama wa Miaka Saba

Nichekeni tu, nimeshazoea: mimi ndiye niliyemtangaza bibi wa watu kuwa marehemu, naye amesimama mlangoni.

Ilikuwa kambi ya wakimbizi ya Ifo, miaka ya tisini, katika ofisi ya kutafutia jamaa waliopotezana. Nilikuwa nimetoka Voi na programu niliyoitunga mwenyewe, kompyuta moja tu ya kutumia jenereta (niliikinga na vumbi kuliko nilivyojikinga mimi): kila mtu ni nukta, kila udugu ni mshale, huyu mama wa yule, yule mtoto wa huyu, nawe unauliza kwa kufuata mishale. Siku hiyo Bishar, mkalimani wetu, alikwenda kuswali adhuhuri, foleni ndefu, nikaamua simngojei, Kisomali najua, kwani hooyo si mama?

Akaja Sahra, mwanamke wa miaka thelathini hivi, ameingia juzi kutoka mpakani, Liboi.

"Tulibotezana njiani. Mimi naita hooyo, hooyo, yeye habana jibu. Miaka yake saba."

Basi nikaandika, vidole vikiwa mbele ya akili: nitafutie mama wa Sahra, umri miaka saba. (Ndiyo, saba. Nyamazeni.) Mashine ikanguruma ikapitia nukta zote za kambi tatu, foleni inachungulia, mimi nimekunja nne kama daktari, mwisho ikaandika HAKUNA. Nikasimama, nikavaa uso wa huzuni, nikasema, "Pole dada, hayupo," na kwa kujifanya najua dini za watu nikamalizia na innaa lillaahi.

Weh! Foleni nzima ikaipokea, mikono juu, Sahra akaanguka chini, na bibi mmoja mlangoni akalia kuliko wote. Bishar akaja mbio.

"Nani amekufa?"

"Mama yake."

"Mama yake si huyu hapa analia?"

Nilitamani ardhi inimeze. Wale wawili walidhani ni mtoto amekufa, na mimi ndiye niliyewaua kwa mdomo.

"Kwetu mama anaita mtoto wake hooyo," Bishar akaniambia mbele ya wote. "Wewe umetafuta mama amezaliwa nyuma ya binti yake. Hata ukiweka dunia yote ndani ya hiyo kombyuta, itasema hakuna."

Nikageuza mshale: mtoto wa Sahra, msichana, miaka saba. Kufumba na kufumbua, huyo, yuko kambi ya Hagadera, na namba ya bloku anayokaa.

Sahra angeweza kunilaani. Mama yake alinishika mkono akasema neno, Bishar akatafsiri: "Anasema umemzika mabema, sasa ataishi sana." Nawashukuru mpaka leo, wote watatu.

Miaka baadaye, chuoni, mwalimu wa kompyuta alitufundisha kwamba kuna maswali yanayojipinga yenyewe, hayapati jibu hata umjaze nani ndani ya mashine, na kwamba lugha ya kuuliza ikipewa uhuru kupita kiasi hakuna mbinu ya kuyagundua yote. Darasa likaandika. Mimi nilikuwa nimeinama nacheka peke yangu.

Lakini turudi Ifo: kesho yake gari lilimleta yule msichana. Sahra akaita, "Hooyo!" Mtoto akajibu, "Hooyo!" Neno lile lile, linakwenda na kurudi, nami fomu mkononi, machozi yananitoka, sikuweza kuandika kitu. Nikaapa sitaiuliza tena mashine kama mtu yupo kabla sijajiuliza kama anaweza kuwapo. Na tangu siku hiyo Bishar akienda kuswali, mimi na foleni yangu, sote tunangoja.