Sentensi Iliyokatwa Kwenye Muhtasari

Daktari kijana yeyote tunayefanya naye kazi kliniki ya meno hapa Voi akiniambia "nimesoma utafiti", mimi humuuliza swali moja tu: umesoma utafiti wenyewe, au umesoma muhtasari? Hucheka. Wote hucheka. Ni muhtasari, bila shaka, ile aya moja inayotangulia ripoti, kwa sababu ripoti nzima inalipiwa na muhtasari ni wa bure, na mwenye foleni ya watu walioshika mashavu hana muda wa kupekua kurasa. Simlaumu kwa hilo. Ninaowalaumu ni wanaoandika, na hapo hasira hunipanda mara mbili, kwa kuwa na mimi niliandika.

Miaka michache iliyopita, mimi na watafiti wenzangu tulikuwa tunalinganisha njia mbili za kuziba meno: kwa mashine, na kwa mkono, yaani kukwangua uozo kwa vifaa vidogo na kujaza tundu kwa dawa inayokandwa kama unga. Njia ya mkono haihitaji umeme, kwa hivyo sote tuliitakia mema, pengine kupita kiasi. Watu wa Voi mjini, na wa vijijini Marungu na Kasigau, tuliwagawa kwa kura, nani azibwe kwa njia ipi. Baada ya mwaka walitakiwa kurudi tuone kama dawa imeshika.

Wa Voi walikuja. Wa Marungu walikuja kwa kusuasua. Wa Kasigau, wengi hawakuonekana. Barabara ilikuwa imeharibiwa na mvua, mahindi yalikuwa yamekomaa, na ndovu hawangoji mtu aende kuonyesha meno. Niliandika yote hayo kwenye daftari langu, mtu kwa mtu. Je, dawa ilishika kwao au ilitoka? Hatukujua. Nikataka muhtasari useme hivyo hivyo: hawa hatukuwaona tena, na sababu ni hizi.

Kiongozi wetu, mtu wa chuo kikuu, mpole, msomi kweli, aliikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu.

"Nafasi imejaa," alisema. "Na muhtasari si barua ya malalamiko. Hiyo itakuwa ndani ya ripoti, mwenye haja ataiona."

"Nani ataiona, daktari? Watu hawafiki huko."

"Wataalamu hufika."

Mahali pa sentensi yangu pakawekwa "matokeo ya kutia moyo kwa maeneo ya mashambani". Nilinyamaza. Jina langu lilikuwa la tatu, nikauchapisha ule ukurasa, mama yangu akautundika sebuleni. Mpaka leo najichukia kwa kule kunyamaza.

Mwaka huu akaja mama mmoja kutoka Kasigau, gego lake lina tundu. Daktari kijana wa zamu akaangalia juu juu, akaanza kupanga vifaa vya mkono, na mashine iko pale na umeme upo. Nikamuuliza kwa nini.

"Hii inashika poa sana huko mashambani," akasema, akanionyesha simu. "Si ni kazi yenu hii?"

Ilikuwa yetu.

Mama akatoa kidole mdomoni. "Lakini hili mliliziba hivyo hivyo, pale shuleni kwetu. Dawa haikumaliza hata msimu mmoja."

"Mbona hukurudi tukuone?" nikamuuliza.

"Ningeachia ndovu shamba? Nilituma ujumbe kwa yule mhudumu wa afya wa kijiji. Kwani haukufika?"

Ulifika. Uko kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe: analinda shamba.

Nikamwomba afungue mdomo, nikachunguza jino polepole. Uozo ulikuwa umeshuka hadi kwenye mzizi. Hakukuwa tena na cha kuziba, si kwa mkono, si kwa mashine, na huyu mama bado ana miaka mingi ya kutafuna.

"Nisomee hapo mlipoandika habari zangu," akasema, akielekeza kidevu kwenye simu.

Nikausoma muhtasari wote, kutoka juu hadi chini, kana kwamba huenda nilisahau kitu.

"Hujaandikwa, mama."

"Basi huyu daktari alitaka kuniziba kwa kuangalia meno ya nani?"

Nikavuta dawa ya ganzi kwenye sindano, nikaling'oa lile jino mwenyewe.