Mguu Wangu Ndani ya Kompyuta

Mjukuu wangu aliniambia nitembee. Natembea kila siku, kwenda bombani na kurudi, na hakuna aliyewahi kuniomba nifanye hivyo kama kazi. Yeye alisimama uani kwangu hapa Bariadi, simu mkononi, akasema, "Bibi, toka jikoni uende mpaka kwenye ua wa minyaa. Polepole. Usiniangalie."

"Kwa nini nisikuangalie? Una nini usoni?"

"Ni ya katuni, bibi."

Mimi nilikuwa nimevaa kitenge cha kanisani, nikidhani ni picha. Akataka nikifunge juu kidogo ayaone magoti. Nikamwambia magoti yangu aliyaona babu yake peke yake, tena baada ya ng'ombe wote wa mahari kufika. Akacheka mpaka simu ikatikisika, ikabidi tuanze upya.

Huyu ni mtoto wa binti yangu. Alikuwa amemaliza masomo ya kompyuta Mwanza, na kampuni moja inayonunua pamba huku kwetu ilimpa kazi ya kutengeneza katuni fupi, ya kuwaambia wakulima waache kutia mchanga na maji kwenye pamba. Walitaka awemo bibi mmoja anayepeleka pamba safi, na bwana mmoja mjanja mwenye mchanga wake. Akaja kuifanyia kwangu, kwa sababu kwangu kuna umeme na hakuna kelele, ukiondoa kuku.

Habari ya mchanga naijua. Zamani tulikuwa na chama cha ushirika tu, na pamba yako ikikataliwa imekataliwa, unarudi nayo kuichambua. Kisha watu binafsi wakaruhusiwa kununua. Malori ya kila rangi yakaingia, kila mnunuzi na mizani yake, wakagombea pamba kama vijana wanavyogombea mchumba. Ukikataliwa hapa, wa pili anachukua hata hatazami. Basi watu wakajifunza ujanja. Miaka hiyo hiyo ndiyo iliyonipa mguu huu. Nilikuwa nakanyaga pamba kwenye ghala la mnunuzi mmoja, juu kabisa ya lundo, ili ishuke na nyingine ipate nafasi. Lori linasubiri, watu wanaharakishwa. Lundo likateleza, nikashuka nalo mpaka kwenye sakafu. Nyonga ya kushoto haikurudi sawasawa, na tangu hapo nachechemea. Nimelima, nimelea, nimezika. Mguu haukunizuia.

Nilipoitwa kutazama kompyuta nilitegemea kuona mchoro. Nikakuta vijiboksi, vingi, vimetawanyika kwenye kioo, na nyuzi zinatoka hiki kwenda kile.

"Hii ndiyo katuni? Mbona kama waya za fundi redio?"

"Hizi zinaitwa nodi, bibi. Kila moja ina kazi yake."

Akanionyesha kwa kidole. Hiki kinashika kisigino. Hiki kinapokea kutoka kwa kisigino na kukunja goti. Hiki kinageuza nyonga. Cha pembeni kinapeperusha kitenge, na cha chini kinatimua vumbi kila mguu unapogusa ardhi. Bibi mwenyewe alikuwa kando, wa kijivu, hana uso, amevalishwa mwili juu ya mifupa kama mwanasesere ambaye hajamalizika.

Nilielewa kwa namna yangu. Ni kama kijiji chetu ukikitazama kutoka juu ya kilima cha mawe. Kila boksi ni mji wa mtu, na uzi ni njia. Habari inatoka mji huu, inafika wa pili inaongezwa kitu, inaendelea mbele. Njia ikizibwa, wa mbele hawapati kitu. Mjukuu akasema ndivyo hasa, hata mwalimu wake hakueleza zaidi ya hapo, kisha akanishikisha kipanya nijaribu.

Nikaanza na vumbi. Nikamwambia vumbi lake ni la mjini, limemwagiwa maji. Akanionyesha mahali pa kuvuta ili liongezeke, nikavuta. Likapanda likameza miguu, likameza kitenge, likameza kichwa, kioo chote kikawa rangi ya udongo.

"Bibi, umempoteza mtu na pamba yake," akasema.

"Rudisha."

"Si ulisema ni kidogo?"

"Nimesema rudisha."

Akarudisha. Kipimo chake kilikuwa kizuri, nilikosea mimi.

Kesho yake akamtembeza yule bibi, huku jirani yangu akiwa ameingia kuazima kinu. Huyu jirani ni mwenye duka la mbele, mzaliwa wa Kondoa, tumezeeka pamoja. Akasimama nyuma yetu, kinu kifuani.

"Haa! Mwenzangu, wamekuingiza humo wewe na mguu wako!"

"Mguu wangu unauona wapi?"

"Hana hata uso huyo, na mimi nimekujua. Anazama upande mmoja kama baiskeli yenye pancha!"

"Wewe ukiingizwa humo, mashine itaomba kioo kipana zaidi."

Akaenda zake anacheka. Utani wetu sisi wawili ni wetu, hauumi. Lakini nilibaki natazama. Yule wa kijivu alikuwa anatembea polepole, bega limeshuka, mguu unaburuzwa, kama mtu anayekwenda kuomba unga. Hiyo kampuni ingeionyesha ukutani mbele ya watu, kijiji kwa kijiji. Watu wanaweza kukuona unachechemea miaka yote wasiseme neno, kwa adabu. Kitu kikishakuwa katuni, adabu hiyo haipo. Katuni imewekwa ichekwe.

"Utoe," nikasema.

"Nini, bibi?"

"Huo mguu. Sitachekwa na watu kuanzia Lalago mpaka Nassa."

Hakubisha. Akashika uzi mmoja, akauvuta ukachomoka kwenye boksi lake, kama unavyochomoa sindano. Basi, yule mwanamke akanyooka. Akatembea sawa, mguu na mguu. Nilikuwa sijajiona hivyo tangu siku ya ghala, na nasema kweli, nilipenda. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia tena.

Mara ya nne ndipo nikauona mkono. Mkono wa kulia ulikuwa unarushwa nje kila hatua, na shingo inaegemea.

"Huo mkono unafukuza kuku?"

"Ni mkono wako, bibi. Unaurusha ili usianguke upande wa mguu. Nimeuchukua kwenye video kama ulivyo."

"Sasa mguu si umepona?"

"Mguu umepona, mkono haujaambiwa." Akajikuna kichwa. "Naweza kuunyoosha. Kisha shingo, kisha mgongo. Nikimaliza atakuwa bibi wa kawaida tu, yeyote. Wenye kampuni hawatajua. Sema wewe tu, nitafanya."

Hakuniomba, hakunibembeleza, na hilo nililipenda. Nikatoka nje nikakaa kwenye kinu changu cha pili, kile kilichopasuka. Nikafikiri. Kilichoniudhi hakikuwa mguu. Kilichoniudhi ni yule mwanamke wa kuomba unga. Mimi sitembei vile. Nilitembea vile kwa sababu niliambiwa polepole na kwa sababu nilikuwa nalinda kitenge cha kanisani.

Nikarudi ndani. "Chukua simu yako."

Nilitoa gunia la pamba iliyobaki stoo, nikajitwisha. Kitenge cha kazi nikakifunga juu ya goti mwenyewe bila kuombwa. Nikapita uani kwa mwendo wangu, ule wa kuwahi mizani kabla foleni haijawa ndefu, nikageuka kwenye minyaa nikarudi. Mjukuu akawa anakimbia kinyumenyume mbele yangu na simu yake, akajikwaa kwenye beseni.

"Polepole bibi!"

"Polepole tulishafanya."

Akaurudisha uzi mahali pake. Akafanya kazi siku hizo zote zilizobaki, chakula namletea pale pale, na bibi wa kijivu akapata uso usiofanana na wangu, mashavu mengi. Mwendo ukawa wangu.

Kampuni iliionyesha kwenye ukumbi, mchana, madirisha yamezibwa kwa maturubai. Watu walijaa mpaka mlangoni. Nilikaa katikati, kando ya mama mmoja nisiyemjua aliyetoka Lalago. Bibi alipotokea ukutani na gunia lake, nilishika benchi. Nikasikiliza nyuma, nikasikiliza pembeni. Anachechemea, vumbi dogo linamfuata, gunia limetulia kichwani, anawapita watu njiani. Hakuna aliyecheka. Alipotokea yule bwana wa mchanga, akaanguka ndani ya gunia lake mwenyewe, ndipo watu wakacheka mpaka wengine wakasimama.

"Mwone alivyowaacha mbali," yule mama wa Lalago akaniambia, akimwonyesha bibi. "Na mguu wenyewe ule."

"Naona," nikasema.

Ilipokwisha nikainuka niende nyumbani, kulikuwa na joto. Nilipopiga hatua mbili mbele ya benchi, yule mama akanitazama miguuni, akatazama ukutani, akanitazama tena. Mdomo wazi.

"Mayu! Mama, ni wewe!"

"Ni mimi," nikamwambia. "Sogeza magoti nipite."