Kifurushi cha Baba Mkwe

Hebu mwone anakuja. Kigari cha njano chenye picha ya korongo ubavuni kinapanda kilima juu ya mji wa Tsolo, mbwa wakikitangulia na vumbi likikifuata. Kabla ya kufika geti la mwisho kinasimama. Anashuka mwanamke mrefu aliyevaa suruali ya kazi. Anajibanza nyuma ya mlango wa gari, anafunga sketi ndefu juu ya suruali, anajitanda blanketi mabegani, anajifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, na juu ya kitambaa anapachika kofia ya kampuni, maana kampuni nayo ina adabu zake. Kisha anarudi kwenye usukani na kumalizia safari kama bibi harusi aliyeiba gari.

Huyo ndiye Zoleka, mpeleka vifurushi wa kampuni ya Korongo. Na geti lile ni la baba mkwe wake.

Ukimpa nafasi, Zoleka atakusimulia jinsi Korongo ilivyoanza, utadhani alikuwepo. Walikuwa vijana wawili wasio na mbele wala nyuma, wakipanda ndege na masanduku yaliyojaa hati za watu. Nguo zao walizivaa zote mwilini, shati juu ya shati, ili zisile nafasi ya mizigo. Leo Korongo ina ndege zake, nazo hukutana Ujerumani kama kwelea kwenye shamba la mtama. Vifurushi vinashuka, vinachambuliwa juu ya mikanda inayokimbia, vinapanda tena kwenda kila pembe ya dunia. Kila mkono unaokigusa kifurushi unaacha alama kwenye mashine: tii!

"Mzigo wa Korongo haupotei," Zoleka hupenda kusema. "Mume anaweza kupotea. Mzigo, hapana."

Mumewe hajapotea, yuko migodini Rustenburg. Aliyekuwa na neno juu ya kazi hii ni baba mkwe. Mkamwana wa kuzunguka barabarani na suruali! Baada ya vikao na pombe nyingi, mzee alikubali kwa sharti. "Wakikuajiri moja kwa moja, sawa, endesha. Wakikuacha baada ya majaribio, unarudi hapa nyumbani, na habari za magari nisizisikie tena."

Siku ya mwisho ya majaribio akaja mkaguzi kutoka Durban, Bi Kogie Pillay, mwanamke mnene mcheshi mwenye kalamu nyuma ya sikio, akae naye garini mchana kutwa. Asubuhi hiyo, kwenye ghala la Mthatha, Zoleka akachukua boksi moja, akasoma jina la mpokeaji, akalisoma tena. Ilikuwa kodiani ya baba mkwe, ambayo wifi yake Zoleka, anayeuguza wagonjwa Leeds, aliichukua ikatengenezwe huko. Imevuka bahari na nchi bila kasoro, imekuja kumwangukia yeye.

Tatizo si mzee. Tatizo ni jina. Kanuni ya Korongo ni kwamba mpeleka mzigo atamke jina lote la mpokeaji, aitikiwe, ndipo akabidhi. Na mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake, hata akiwa na hasira, hata akiwa ndotoni.

"Nichukulie hili moja tu, kaka," alimwomba Lwandile, mwenzake wa kazi.

"Dada, mtihani ni wako. Mimi jina la mzee wako nalitaja hata nikipiga mswaki."

Basi Zoleka na mkaguzi wakafika kwa baba mkwe. Wazee wameketi kando ya zizi na mtungi wao. Zoleka akazunguka mbali, maana mkamwana hapiti mbele ya zizi la wakwe, akapiga magoti pembeni na boksi mikononi. Bi Kogie akasimama nyuma yake na mashine yake ya alama.

"Kuna mzigo," alisema Zoleka, macho chini.

"Wa nani?" aliuliza baba mkwe, ambaye alikuwa ameshalitambua boksi na vidole vinamwasha. Lakini wenzake walikuwa wanatazama, naye ni mtu wa utani.

"Wa Jwarha. Wa Mtika. Wa Mazaleni."

Wazee wakaguna kwa raha. Mkamwana anayejua kuusifu ukoo ni hazina.

"Majina ya ukoo hayamo hapa," Bi Kogie alinong'ona. "Taja jina lake, Zoleka."

"Siwezi, mama. Ni baba yake mume wangu."

Bi Kogie akakuna kichwa kwa kalamu. "Bibi yangu alizeeka akimwita babu 'wee, sikia', asimtaje jina. Nakuelewa kabisa, mwanangu. Lakini mashine haina bibi."

"Mjukuu wa watu amesema kweli!" alidakia mzee mmoja asiye na meno ya mbele. "Taja, au urudi jikoni!"

Hapo Zoleka akainua uso kidogo. "Baba, nikitaja mimi, mwizi yeyote ataitikia 'ndiye mimi'. Jitaje wewe. Nami nitalinganisha na maandishi."

"Mimi? Nijitambulishe kwa mkamwana wangu mwenyewe? Hunijui?"

"Nakujua, baba. Boksi ndilo halikujui."

Wazee wakapiga mapaja. Mzee akakunja mikono kifuani. Zoleka naye akalikumbatia boksi. Kisha akainuka taratibu, akamwambia mkaguzi, "Asiyejitaja, mzigo wake unarudi alikotoka," akaanza kurudi garini. Alijua kazi anaiacha pale pale. Kila hatua, ndani ya boksi kodiani ikalia kidogo, mfano wa mtoto anayechukuliwa na mgeni.

Alikuwa ameshafungua mlango wa gari sauti ilipomfikia.

"Ngoja, mwanangu! Ngoja!" Mzee amesimama, kofia mkononi. Akatazama wenzake, akatazama boksi, akafumba macho. "Hamilton Mzimkhulu Sotashe!"

Wazee wote wakamgeukia. Halafu:

"Hamilton?" aliuliza yule wa mapengo. "Jwarha, umekuwa Hamilton tangu lini?"

"Tangu shule ya misheni! Haikuhusu!"

Mtungi ulimwagika kwa vicheko. Zoleka alirudi, akapiga magoti, akakabidhi boksi bila kuthubutu kumtazama mtu yeyote usoni. Bi Kogie, machozi ya kucheka yakimtoka, alibonyeza mashine. "Mwizi gani angejua hilo la Hamilton?" alisema. "Umefaulu. Na kanuni hii yako nitaipeleka Durban."

Jioni hiyo mzee alipiga kodiani mpaka mbwa wakachoka kubweka, na Zoleka amekuwa dereva wa kudumu tangu siku ile. Jina la baba mkwe hajalitamka mpaka leo. Hata kwenye vijiji vingine, kwa watu wasio ndugu zake, haulizi tena "Wewe ni fulani?" Anasimama na boksi mikononi, kofia juu ya kitambaa, anasubiri ujitaje.

Je, akija kwako, majirani wamejaa uani, utalitaja jina lako lote, hata lile la shule?