Bomba la Makaa Halichaguliwi kwa Adabu

Watu wetu wa pwani walioko Johannesburg hawaulizi bomba limetengenezwa kwa kitu gani. Wanauliza limeletwa na nani. Nasema hivi nikiwa na diploma ya mitambo ya kupasha joto niliyoipata Polandi, nchi ambayo watu wake wanachoma makaa ya mawe majumbani tangu enzi za mababu. Ada nilijilipia mwenyewe kwa kusugua sufuria za hotelini. Hakuna chama cha watu wa Tanga kilichonichangia hata nauli. Kwa hiyo ninapozungumza juu ya mabomba, nategemea kusikilizwa.

Sikusikilizwa.

Nilirudi kwa ajili ya mama. Ana nyumba ndogo ya matofali mtaa wa Troyeville, nyumba kuukuu ambayo baridi ya Juni huingia bila hodi. Kila umeme ulipokatika alikuwa akiingiza chumbani mbaula, lile jiko la debe lililotobolewa matundu, analijaza makaa, anafunga mlango na kujilaza. Asubuhi moja jirani alimkuta ameketi sakafuni, kichwa kimeegemea mlango, hajui leo ni siku gani. Mama akasema ni presha. Mimi niliposimuliwa kwenye simu nilijua ni nini, kwa sababu hewa ya sumu itokayo kwenye makaa tulifundishwa mapema kabisa: haina rangi, haina harufu, na haimwamshi mtu. Nikaacha kazi, nikapanda ndege.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi kwa mtu aliyesoma. Boila dogo la makaa likae kwenye kibanda cha uani, maji ya moto yazunguke katika rejeta za ukutani, mabamba ya chuma yanayobaki na joto hata umeme ukikatika, mama alale bila moto chumbani. Huku kasha la makaa, huku tanuri, na katikati bomba lenye parafujo ndefu inayozunguka polepole na kusukuma makaa hadi motoni. Bomba hilo ndilo roho ya mtambo. Mwisho wake mmoja umekutana na moto, wa pili umekutana na kasha zima la makaa, na kibanda chenyewe kimeegemea ukuta wa chumba cha mama.

Kabla sijanunua bomba, habari zikaenea, na hapo ustaarabu wetu ukaingia kazini. Kwetu mtu akijenga, wenzake hawamwachi peke yake. Kila mmoja analeta kitu, na kilicholetwa hakirudishwi. Ni desturi nzuri kwa mchele.

Wa kwanza alikuwa mzee wa Dar es Salaam, aliyempokea mama alipofika mji huu na kumtafutia chumba mtaa wa Berea. Alikuja na bomba la plastiki begani, lile la kijivu la maji machafu. Wa pili alikuwa fundi cherehani Mkongo, yule jirani aliyemkuta mama sakafuni. Yeye alileta bomba la maji lililopakwa zinki, linang'aa kama sahani ya harusi. Wakanywa chai ya mama, wakakata shauri: plastiki ikae upande wa kasha, zinki upande wa moto, katikati wafunge mpira. Hivyo hakuna atakayevunjiwa heshima. Waligawana bomba kama watu wanavyogawana viti vya mbele kwenye maulidi.

"Mzee, plastiki itayeyuka," nikasema.

"Itayeyukaje, na haigusi moto? Inagusa makaa tu."

"Umeme ukikatika parafujo inasimama, lakini moto hausimami. Unakula makaa yaliyomo bombani, unarudi nyuma mpaka kwenye kasha."

"Kumbe moto wa Polandi una miguu!" Akacheka hadi chai ikamwagika.

"Petit, mutoto yangu, ya kwangu iko chuma," fundi akasema. "Ao kule kwa bazungu chuma nayo inayeyuka?"

"Lina zinki, papa. Zinki ikiungua inatoa moshi mbaya."

"Eh! Miaka yote tunakunywa maji yake."

"Hujawahi kulitia bomba lenyewe motoni."

Mzee akamgeukia mama. "Eish, mdogo wangu, huyu mwanao amerudi na cheti au amerudi na theluji kichwani?"

Walipoondoka, mama alizungumza bila kupandisha sauti. "Sirudishi kitu cha mtu. Yule alinipa pa kulala, huyu aliniokota sakafuni. Kama mtambo wako hauwezi kula walicholeta, uuze. Mimi mbaula yangu ninayo."

Hakuwa akitania. Nimevuka bara zima kumtoa mama kwenye mbaula, na sasa mbaula inashinda kwa ajili ya mabomba mawili ambayo mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeyatupa.

Nikaenda kwa muuza vyuma karibu na Newtown. Akanionyesha chuma cheusi, nikakikataa: moto kinauweza, lakini makaa yenye unyevu yanakila kwa ndani. Akanionyesha kingine chembamba, nikakigonga kwa kucha tu nikamrudishia. Nikachagua chuma cha pua kisichoshika kutu, kinene, kipande kimoja bila kiungo. Muuzaji akaniuliza nimejifunza wapi. Nilimweleza kwa kirefu.

Jumamosi mchana nikawaita wote uani. Niliwasha ile mbaula hadi makaa yakawa mekundu, nikaweka juu yake vipande vya mabomba yote matatu. Plastiki iliinama kama mlevi, ikadondoka matone na kutoa moshi mweusi uliochafua shuka za mama kwenye kamba. Zinki ikafuka moshi mweupe, na fundi aliyesogeza pua ili aone vizuri akakohoa mpaka machozi. Chuma changu kilibadilika rangi tu, kikatulia.

"Kuna swali?" nikauliza.

"Umeitia plastiki motoni moja kwa moja," mzee akasema. "Huo ni uonevu."

"Muzee, wacha," fundi akasema huku akijifuta macho. "Ile moshi nimeijua na kifua yangu."

Mzee akalibeba bomba lake lililobaki, akaelekea getini. Mama akamtazama, kisha akatazama mbaula, na nikajua anapima kati ya viwili hivyo.

"Kaka, unakwenda wapi?" akaita. "Bomba ni kazi ya huyu, ndiyo aliyoisomea. Lakini bomba tupu halimpashi mtu joto. Makaa ataleta nani?"

Mzee akasimama. "Makaa naleta mimi."

"Na mimi, maman," fundi akadakia.

Likaisha. Katika diploma yangu hapakuwa na somo la namna hiyo, na sioni lina kazi gani mahali ambapo watu wakiambiwa ukweli mara moja wanaelewa.

Nilifunga mtambo wangu na bomba langu, na mama akaanza kulala mlango wazi, bila moto chumbani. Wiki iliyofuata mzee akaleta gunia la makaa. Nusu yake ilikuwa mawe matupu, na yote yamelowa. Jiwe moja tu la ukubwa wa yai linakwamisha parafujo. Nikafungua mdomo nimweleze. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kwa mara ya kwanza Juni ile bila koti, ananitazama.

"Ahsante, mzee," nikasema. "Karibu ndani."

Nikalipeleka gunia nyuma ya kibanda, nikalichambua jiwe kwa jiwe mahali ambapo hakuna anayeniona. Niliporudi, mzee alikuwa ameweka kiganja juu ya rejeta, fundi yuko pembeni yake.

"Unasikia joto hilo?" akamwambia. "Makaa yangu hayo."

Yaliyokuwa yakiwaka yalikuwa ya kwangu, safi, niliyoyanunua mwenyewe. Nikamsogezea kiti.