Inchi za Kochi na Inchi za Mkeka

Nisikilize kwanza, wewe unayepanga kununua televisheni mpya. Nitakueleza polepole, na ukipotea njiani nitarudi kukuchukua. Nimefundisha hesabu shule ya msingi mpaka nikastaafu, na hata hivyo hesabu hii niliikosea sebuleni kwangu mwenyewe, hadi mama yangu akafunga mkoba wake aondoke.

Mama alikuja kukaa nasi Mapinga baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Kwake ni Mkange, alikokuwa akiishi peke yake tangu baba afariki. Alitakiwa kutiwa dawa ya macho mara kadhaa kwa siku, na kule hakukuwa na mtu wa kumtia. Dawa aliivumilia. Asichokivumilia ni televisheni yetu.

Mama ni mtu wa mpira. Miaka yote aliufuata kwa redio huku anasuka ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonewa mikeka, na mkono haukusimama mpaka goli lipatikane. Sasa tulimweka mbele ya kioo cha inchi ishirini na nne. Alianza mechi akiwa ameegemea nyuma, na kufikia mapumziko pua yake ilikuwa karibu iguse kioo.

"Mpira wenyewe uko wapi?"

"Ule pale mama, upande wa kulia."

"Mimi naona watu wazima wanakimbizana tu. Redio yangu ilinionyesha mpira vizuri kuliko hiki kitu chenu."

Kila mechi ilipoisha alisema neno lile lile: "Jumamosi nirudisheni kwangu." Jumamosi ikifika tunambembeleza, naye anatupa wiki moja zaidi, kama mtu anayetoa sadaka. Nilijua kubembeleza kuna mwisho wake. Akirudi Mkange, dawa ingelala ndani ya mkoba na macho yangerudi yalikotoka. Kwa hiyo niliamua kununua kioo kikubwa ambacho kingemkalisha.

Nilikwenda Bagamoyo mjini, kwenye duka la vifaa vya umeme la bwana mmoja wa zile familia za Kiarabu zilizoshika biashara tangu enzi za mababu zao. Ni mdogo kwangu kwa umri.

"Shikamoo mwalimu!"

Shikamoo yenyewe ilikuwa ndefu kidogo kuliko inavyohitajika. Niliitikia marahaba huku nikiubana mkoba wangu. Ndani nilikuwa nimeficha utepe wa kupimia, ule wa cherehani, wenye inchi sitini.

"Kutoka egemeo la kochi mpaka ukutani, sebuleni kwako, ni futi ngapi?" aliniuliza.

"Kumi."

"Futi kumi ni inchi mia na ishirini. Gawa kwa mbili upate kioo kinachofaa macho, sitini. Ya sitini sina. Chukua hii ya hamsini na tano, mwalimu. Utanikumbuka kwa dua."

Mfanyabiashara akipiga hesabu haraka kuliko mwalimu, mwalimu lazima ashtuke. Nilitoa utepe wangu, nikapima kioo kutoka ubavu mmoja mpaka wa pili. Nikapima tena. Inchi arobaini na nane.

"Mwanangu," nikamwambia, "inchi saba zimekwenda wapi?"

Alicheka mpaka akashika meza. "Hazijaenda popote, mwalimu. Umepima upana. Kioo hupimwa kona kwa kona, kutoka juu huku mpaka chini kule."

"Nani aliyeamua hivyo?"

"Wallahi si mimi."

"Na nikija kununua kitambaa, utanipimia kona kwa kona?"

"Kitambaa siuzi. Ningeiuza, ungekuwa umeshanitangaza mwizi mitaa miwili mizima."

Alishika ncha moja ya utepe, mimi nikashika nyingine, tukaulaza mshazari. Hamsini na tano kamili. Nilimtazama vidole nione kama anauvuta. Hakuuvuta. Hata hivyo nilimwambia nitarudi, nikatoka bila kununua.

Nyumbani, kabla hata ya kuvua baibui, niliipima televisheni yetu ya zamani. Upana, inchi ishirini na moja. Kona kwa kona, ishirini na nne. Nimeishi na kioo kile miaka yote ile bila kulalamika hata siku moja, nikamlalamikia yule bwana ndani ya dakika tano.

Basi shika hili, ni rahisi. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kona kwa kona. Ukitaka upana, ondoa sehemu moja ya nane. Ishirini na nne ondoa tatu, inabaki ishirini na moja. Ukitaka kimo, chukua kama nusu ya namba ile ya boksi. Unaona? Huhitaji kumwamini mtu yeyote, hata mimi. Pima tu mwenyewe.

Kwa kipimo hicho nilikunja kanga yangu moja mpaka ikawa na ukubwa wa ile televisheni ya hamsini na tano. Mume wangu akaibana ukutani kwa pini, juu kabisa, kama wanavyozitundika migahawani. Akarudi nyuma, akaweka mikono kiunoni.

"Sasa hiyo ndiyo televisheni. Mgeni akiingia, kabla hajasema hodi ameiona."

Mama alikuwa chini mkekani, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza kwenye kochi. Ndivyo anavyokaa siku zote.

"Mama, unaonaje?" nikamuuliza.

"Naona kanga."

"Ifikirie ni uwanja wa mpira."

Alinyanyua kidevu. Akageuza kichwa kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. "Golikipa wa huku namwona. Nikimtafuta wa kule, wa huku ananipotea. Na shingo hii atanikanda nani?"

"Basi mama hamia kwenye kochi," mume wangu akasema, kwa nia njema kabisa.

"Kochi la wageni hilo. Kumbe mimi mgeni?"

Nilitazama makochi yetu na vitambaa vyake vyeupe nilivyovifuma kwa mkono, vimenyooka kama vilivyokuwa siku ya Idi. Hakuna anayekaa pale. Mume wangu hukaa mkekani, mimi hukaa mkekani, majirani wakishazoeana nasi hushuka mkekani. Kochi ni la mtu wa kuja mara moja, anywe soda, aage. Nami nilikuwa nimempa yule bwana futi kumi za kochi, nikamwacha nyuma yule ambaye televisheni ilikuwa inanunuliwa kwa ajili yake.

Ndipo nikafanya kosa la pili. Nilitaka kupima upya, safari hii kutoka kwenye macho ya mama mwenyewe. Utepe wa cherehani haukufika. Pembeni yake palikuwa na bunda la ukili aliokwisha kuusuka, nikauchukua. Niliweka ncha yake kwenye paji la uso wake, nikaufungua nikirudi kinyumenyume, ukapita juu ya kifua, juu ya magoti, juu ya nyayo zake, mpaka ukutani. Nikaukata kwa mkasi pale pale.

Mama alinitazama muda wote bila kupepesa. Kisha akakunja miguu, akaenda chumbani kwake, na siku ile hakula kwetu zaidi ya chai.

Asubuhi mkoba wake ulikuwa mlangoni, umefungwa, redio imetokeza pembeni.

"Nipelekeni Msata nipande gari la Mkange," akasema. "Siingoji Jumamosi."

"Mama, kuna nini?"

"Umenipima."

"Nimepima umbali wa televisheni, mama."

"Kutoka kwenye paji la uso? Ukapita tumboni, ukapita miguuni, ukakata? Baba yako alipimwa hivyo hivyo mbele yangu, kamba ikapelekwa makaburini ili wachimbaji wajue urefu. Ila yeye walimngojea afe kwanza."

Kwetu hakuna mtu mzima asiyejua kamba ile, nami niliijua tangu nikiwa binti. Nilikuwa nimeijua na kuisahau kwa sababu akili yangu ilikuwa kwenye inchi.

"Mama, nisamehe. Sikuwaza hivyo hata kidogo."

"Sijui mnawaza nini. Hapa Mapinga mnapima kila kitu. Mtu akionekana na futi asubuhi, jioni kiwanja kina mwenyewe mpya. Nami nimeletwa, nimetiwa dawa, nimewekewa kanga ukutani, sasa nimepimwa. Ungekuwa wewe usingeshuku?"

Ningeshuku. Nilikuwa nimemshuku mtu kwa inchi saba tu.

Nikaona maneno hayatasaidia. Darasani, mtoto akishaacha kukuamini, humwongezei maelezo, unampa chaki. Niliutoa ule ukili uliokatwa nikauweka mikononi mwake aufanye apendavyo, nikamwambia, "Basi pima mwenyewe, mama. Kutoka ukutani mpaka pale unapokaa. Mtu asipimwe, ipimwe sakafu."

Alisimama kidogo, akiupima uso wangu. Kisha akapiga magoti ukutani. Ule ukili aliuweka kando, na utepe wangu hakuutaka. Aliweka kiwiko kwenye ukuta, akanyoosha mkono mpaka ncha ya kidole cha kati, akaweka alama, akahamisha kiwiko. Mkono mmoja. Miwili. Mume wangu akataka kumsaidia kuhesabu, akatazamwa mara moja tu, akarudi nyuma. Alipofika ukingo wa kochi anapoegemea, ilikuwa mikono mitano kamili.

"Mitano," akasema. "Mkono wangu naujua, haudanganyi."

Niliomba ruhusa niupime ule mkono kwa utepe. Alinipa, jicho likinifuata. Inchi kumi na saba. Mara tano ni themanini na tano. Gawa kwa mbili kama yule bwana alivyofanya, unapata arobaini na mbili na nusu. Madukani kuna ya arobaini na tatu. Karibu futi tatu kati ya egemeo la kochi na mkeka, tazama zilivyoishusha televisheni kutoka hamsini na tano.

Nilikunja kanga upya, inchi thelathini na saba na nusu kwa ishirini na moja, tukaibana chini, usawa wa macho ya mtu aliyekaa mkekani. Mume wangu akaguna kwamba wageni watadhani tumefilisika.

"Mama, kaa ulipozoea. Unaona korosho ngapi zilizochorwa kwenye kanga?"

Alitazama. Kichwa hakikugeuka kulia wala kushoto. "Nne. Na ya tano mmeikunja nusu."

Nilikwenda ukutani kuhakikisha. Ya tano ilikuwa imekunjwa nusu.

"Haya, kileteni hicho kitu tukione," akasema. Lakini mkoba aliuacha pale pale mlangoni.

Yule bwana wa dukani aliponiona alianza kuifuta vumbi ile ya hamsini na tano. Nikamwambia nataka ya arobaini na tatu.

"Mwalimu, si tulikubaliana?"

"Hesabu yako ilikuwa sawa. Mimi nilikupa futi za kochi, na kwetu tunakaa mkekani."

Alishika ndevu. "Hata sisi nyumbani tunakaa mkekani," akasema taratibu. "Na ukutani kwangu nimetundika ya sitini na tano. Kumbe ndiyo maana mama watoto anaumwa shingo."

Alinifungulia boksi, na mwenyewe akanishikia ncha ya utepe kona ya juu kabla sijamwomba. Nilipima. Kupima hakukuwa kwa kumshuku tena, au niseme kulikuwa kwa kumshuku kidogo tu.

Tuliiweka juu ya meza fupi, siyo ukutani. Siku ya mechi mama alikaa na ukili wake mpya. Dakika za kwanza alisuka tu, nami sikuthubutu kumuuliza. Mara mkono ukasimama kusuka.

"Ule! Ule pale, unakwenda kushoto! Mpe, mpe... Aah! Refa huyu naye apelekwe akatolewe mtoto wa jicho!"

Nilitoka nikaenda jikoni nikachochea chungu ambacho hakikuhitaji kuchochewa. Niliporudi, mkoba haukuwa mlangoni. Alikuwa ameurudisha chumbani mwenyewe wakati wa mapumziko, ila redio ameitoa, ameiweka kando ya televisheni na kuiwasha.

Redioni mtangazaji akapiga kelele za goli. Kwenye kioo mpira ulikuwa bado katikati ya uwanja. Tulingoja, na baada ya sekunde chache goli likaingia na huku pia.

"Mmeona?" mama akasema, akimtazama mume wangu, kisha mimi, kisha televisheni. "Goli imelijua, imelinyamazia kwanza. Kwa nini? Kitu hiki nitakaa hapa hapa nikichunge."

Jumamosi ilikuja ikapita. Hakuitaja. Dawa tuliimaliza chupa nzima.

Basi na wewe, kabla hujatoka kwenda dukani, kaa pale unapokaa kweli kila siku, pima kwa inchi kutoka ukutani mpaka hapo, gawa kwa mbili, uandike hiyo namba kwenye karatasi uende nayo.