Jiwe Walilolilamba Ndama

Jirani anamwaga zege leo, na harufu ya saruji mbichi imeingia mpaka jikoni kwangu. Nimetoka kuchungulia uani kwake, mtu mzima mimi, na asinicheke mtu.

Nilipokuwa mtoto, wapimaji wa ardhi walipofika kwetu walichimba shimo katikati ya zizi la ndama, wakasimika jiwe la saruji, wakaondoka. Jioni nikawakuta ndama wanalilamba. Nikataka kujua wanapata nini pale. Nikainama, nikalamba na mimi.

"We mtoto, umegeuka ndama?" mama akanifokea kutoka mlangoni mwa tembe letu.

"Mama, hili jiwe la nini?"

"Wanasema barabara ya mji itapita hapo."

"Na nyumba yetu je?"

Mama akamtazama baba. Baba alikuwa anapima kwa macho kutoka kwenye jiwe hadi ukutani. Hapakuwa mbali. Kisha akaniuliza, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Lina ladha gani?"

"Lina chumvichumvi, baba."

Akapiga magoti kwenye samadi, akalilamba. Akakaa hapo hapo, hakutema.

"Kesho tuanze kuhama; kwanza ndama," akasema.