Tundu la Jeneza

Hapa Hessingfield, kijiji chetu cha Uingereza, tulimvumilia Avis Thurkettle na ulimi wake kwa sababu ya nyumba yake. Ndiyo nyumba kongwe kuliko zote kijijini, ya magogo ya mwaloni na kuta za fito na udongo, imepakwa rangi ya waridi na imelalia upande wa kanisa kama mtu aliyeshiba. Aliingia humo akiwa bibi arusi wa Ronnie Thurkettle, mtu wa kiwanda cha sukari, akamkuta mama mkwe aliyemhesabia kila kijiko cha siagi. Mama mkwe akafa, Ronnie naye akafa, mwana wao Malcolm akahamia mji wa Leeds, Avis akabaki na nyumba. Ole wako umwambie ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Waliowahi kumwambia hawakukaribishwa chai tena.

Ngazi ya nyumba hiyo imejibana kando ya dohani, nyembamba, inajipinda, na cha kushikia ni kamba tu. Jeneza halipiti. Ndiyo maana waliojenga waliacha tundu kwenye sakafu ya chumba cha juu, wakalifunika kwa mbao zisizopigiliwa misumari, ili aliyefia kitandani ateremshwe kwa kamba mpaka sebuleni. Mama mkwe alipita hapo, na Ronnie vilevile.

Kila Juni, siku nyumba za zamani zinapofunguliwa kwa wageni, Avis alisimama sebuleni akazisukuma zile mbao kwa mpini wa ufagio, zikainuka, wageni wakapiga mayowe. Kisha aliwakagua mmoja mmoja na kumchagua mnene kuliko wote. "Wewe baba, tafadhali usifie kwangu," alimwambia. "Hapo hupiti. Kafie hotelini." Watu walicheka mpaka chai ikawapalia. Mwaka jana zamu ilimwangukia Thelma Garrod, anayetuokea keki zote za siku hiyo, mwanamke mkubwa wa mwili, wa mwendo wa taratibu. "Huyu akifia humu," Avis alisema, "jamani tubomoe ukuta, njia nyingine hakuna." Thelma alicheka pamoja na wengine. Halafu akakusanya sahani zake, keki zikiwa bado juu, akaenda kwake. Avis alimwona, akajiambia kwamba mtu asiyejua mzaha ana matatizo yake mwenyewe.

Sasa sikia yaliyompata. Magoti yake yalianza kuvimba, na mwili, ambao haukuwahi kuwa mdogo, ukazidi. Wiki ya Pasaka, akishuka ngazi asubuhi, alinasa kwenye ile kona. Hashuki, hapandi. Alikaa pale, bega moja limebanwa na nguzo ya mwaloni, akamsikia mtu wa posta akigonga na asimwitikie. Alipojinasua, alirudi juu kwa kutambaa, akilia kwa hasira na aibu. Tangu siku hiyo hakushuka tena.

Hakumwambia mtu. Malcolm alikuwa ameshamwonya: "Mama, siku ngazi hizo zitakapokushinda, nakuja kukuchukua na nyumba tunaiuza." Basi Avis akawa anapikia chumbani, kwa jiko dogo la umeme. Bi Pryke wa dukani alimtilia mikate, maziwa na chupa za maji kwenye kikapu ambacho Avis alikiteremsha kwa kamba kutoka dirishani, akijidai kwamba maji ya bomba yanamkoroga tumbo. "Avis na vituko vyake," tulisema, tukacheka, tusiulize lolote. Choo kiko chini, kwa hiyo haja zake zote zilikuwa za ndoo, na ndoo aliimwaga dirisha la nyuma alfajiri kabla watu hawajaamka. Mwaridi wa upande ule ulistawi ajabu, na kila alipouona alihisi uso unamwaka. Ndoo hiyo aliiweka juu ya lile tundu, kwa kuwa sakafu yote imeinama na pale tu ndipo penye usawa.

Juni ikafika. Desmond Garrod, mume wa Thelma, ambaye ni mzee wa kanisa na ana ufunguo wa akiba, alikuja kusimama chini ya dirisha kuuliza mipango.

"Nina mafua mabaya!" Avis alimpigia kelele. "Fungueni nyumba, wapeni watu chai, mimi nabaki huku. Na mtu asithubutu kupanda!"

Tundu hakulitaja. Aliona ni lake, na kwamba hakuna mwingine ambaye angejaribu kulionyesha kwa wageni.

Desmond alijaribu. Avis alikuwa ameketi kitandani na gauni lake la kulalia, akisikiliza vikombe na nyayo za wageni chini yake, aliposikia sauti ile ya kanisani ikisema: "Na hili, mabibi na mabwana, ndilo tundu la jeneza. Mwenyewe anaumwa, kwa hiyo leo mnivumilie mimi." Mpini wa ufagio ukagonga mbao. Ndoo ikatikisika.

Avis aliona wazi kitakachofuata, na watakaokuwa chini. Alijitupa kutoka kitandani, akaivuta ndoo kwa mikono miwili, nusu ikammwagikia, akakalia tundu kwa uzito wake wote.

"Limekwama," alisema Desmond. "Hebu bwana, nisaidie kusukuma."

Wakasukuma wawili. Avis aliusikia mpini ukimchokoa makalioni, akauma midomo asitoe sauti.

"Halisogei hata kidogo! Utadhani kuna mtu kalikalia!" alisema yule bwana, na sebule nzima ikacheka.

"Bi Avis angekuwapo," Desmond alisema, akitafuta namna ya kuwaridhisha wageni, "angetuambia nani kati yetu hapiti."

"Mwaka jana si alikuwa Thelma?" alidakia mwanamke mmoja. "Thelma, mama, jisogeze hapa katikati tukupime!"

Kicheko kikapanda kupitia nyufa za mbao. Avis alikijua vizuri, kwa maana yeye ndiye aliyewafundisha, lakini hakuwahi kukisikia akiwa upande huu. Kilimchoma. Sauti ya Thelma hakuisikia kabisa.

Wageni walitoka kwenda bustanini. Avis alijaribu kuinuka. Alishika mguu wa kitanda, kitanda kikamfuata. Alinyooshea dirisha mkono, haukufika. Alibaki pale juu ya mbao, amelowa, ananuka, akimwomba Mungu waondoke wote ili ajue la kufanya. Chini mtu mmoja alikuwa anaosha vikombe. Kisha vikombe vikanyamaza.

"Avis," aliita Thelma. "Kuna kitu kinadondokea kitambaa cha meza."

Avis aliukusanya upindo wa gauni lililolowa, akaukalia.

"Na si maji. Umelikalia hilo tundu?"

"Nenda zako, Thelma."

"Napanda."

"Usipande! Nimekwambia usipande!"

Thelma alipanda. Avis alimsikia akija ubavu ubavu, akihema, akimlaani aliyejenga ngazi ile pamoja na ukoo wake wote. Akatokea mlangoni, mwekundu usoni. Aliiona ndoo, jiko, makopo matupu, gauni lililolowa. Avis alitazama ukuta. Alijua Thelma ana haki ya kusema chochote.

"Taulo ziko wapi?" Thelma aliuliza.

"Kabatini. Thelma, mimi..."

"Nyamaza. Nimekuchukia mwaka mzima, na bado sijamaliza. Inua mkono."

Alimvua, akamfuta mwili kwa maji ya chupa, akamvisha gauni safi, akamchana nywele. Ndoo aliimwaga dirishani mwenyewe. Ndipo akamwita Desmond apige simu, na akamwambia afunge lango na wageni wabaki nje.

Wahudumu wa gari la wagonjwa waliitazama ngazi, wakatikisa vichwa, wakawaita zimamoto. Walimsogeza Avis pembeni, wakaondoa mbao, wakamfunga kwenye machela kwa mikanda, wakamteremsha mahali alipoteremshwa mumewe. Alipita, ingawa kwa shida, na ilibidi kijana mmoja ambonyeze nyonga kwa kiganja na kusema, "Samahani, bibi." Avis alifumba macho muda wote. Thelma alikuwa chini amesimama, ameshika ncha ya shuka isije ikafunuka.

Walipoiweka machela juu ya meza, simu ya Desmond ikalia. Alikuwa Malcolm, aliyekwisha kupata habari kwamba gari la wagonjwa liko kwa mama yake. Thelma akaichukua.

"Hapana mwanangu, usitishike," alisema. "Mama yako kateleza leo asubuhi akitandika kitanda. Ni magoti tu. Ngazi? Aa, anapanda na kushuka kama kawaida. Wakishamfunga bandeji atarudi kwake."

Alisema yote hayo bila kutabasamu, akimtazama Avis usoni. Desmond akainamisha kichwa na kujifanya anakunja kitambaa cha meza. Avis alikuwa amekipata alichokitaka: nyumba ilikuwa imebaki yake, na hakutakiwa afanye lolote zaidi ya kukaa kimya. Lakini aibu iliyompanda hapo, aibu ya ndoo haikuwa kitu mbele yake.

"Nipe hiyo simu."

"Lala, Avis."

"Nipe!"

Akaishika kwa mikono miwili. "Malcolm? Sijateleza. Sijashuka chini tangu Pasaka. Nimekuwa najisaidia kwenye ndoo. Thelma anadanganya kwa ajili yangu, na mimi mwaka jana nilimfanya kichekesho mbele za watu, humu humu, naye alikuwa ametuletea keki." Akavuta pumzi. "Njoo unichukue, mwanangu."

Alirudisha simu bila kuinua macho. Thelma aliifunika kwa kiganja ili Malcolm asisikie.

"Mjinga wewe," alisema, na sauti ikamkatika. "Nilikuwa nimeshakuokoa."